Wachezaji Wetu Hawakukosa

Ndugu zetu wa Kasaji na Kisenge, wa Mutshatsha na Kolwezi, ninyi wa shimoni, wa reli, wa soko na wa shamba, someni maneno haya, na anayejua kusoma amsomee jirani yake asiyejua.

Jioni ya tarehe 7 Februari 2024, katika uwanja wa Ebimpé huko Abidjan, wachezaji wa Kongo walisimama mstari mmoja kabla ya kucheza na Côte d'Ivoire katika nusu fainali ya Kombe la Afrika. Wimbo wa taifa ulipopigwa, kila mmoja aliweka mkono wa kulia juu ya mdomo wake, na vidole viwili vya mkono wa kushoto akavielekeza kichwani mwake, kama mtu aliyeshikiwa bastola. Kocha wao Sébastien Desabre, ambaye ni Mfaransa, alifanya vile vile. Mikononi walifunga vitambaa vyeusi. Hawakumtukana mtu, wala hawakuvunja kitu. Kisha wakacheza mpira, wakafungwa bao 1 kwa 0, wakatoka uwanjani.

Ishara ile haikuhitaji mkalimani. Mkono mdomoni maana yake: dunia imenyamaza, na sisi tumezibwa. Vidole kichwani maana yake: wakati wa kimya hicho watu wanauawa. Siku chache kabla yake mchezaji Cédric Bakambu alikuwa ameandika hadharani kwamba kila mtu anayaona mauaji ya mashariki ya Kongo na kila mtu yu kimya. Aliomba nguvu ile ile inayotumika kuongea habari za Kombe itumike kuongea habari za mauaji hayo. Naye hakuzidisha. Mwishoni mwa mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilihesabu karibu watu milioni 7 waliokimbia makwao ndani ya nchi yetu. Watu milioni 7 wenye majina, wenye watoto, wenye mashamba waliyoyaacha na mihogo ikiwa bado ardhini.

Tangu siku ile midomo mingi imefunguka, si kuwalilia waliokufa, bali kuwakaripia waliowalilia. Wa kwanza wanasema, "Mpira ni mpira, siasa ni siasa." Wa pili wanasema, "Hawa ni matajiri wa Ulaya, wanajua nini juu ya taabu zetu?" Wa tatu wanasema, "Kule mashariki Mweusi anamwua Mweusi, neno la rangi limeingiaje?" Wa nne wanasema, "Ishara haizuii risasi." Sisi hatuwatukani wanaosema hivyo. Wengi wao ni ndugu zetu, na wengine wanasema kwa moyo safi. Lakini wamekosa, na tutawaonyesha mmoja mmoja mahali walipokosa.

NANI ALIYELETA SIASA UWANJANI?

Mtu wa nchi ya shaba akiambiwa kwamba uwanja wa mpira hauna siasa, na amwulize anayesema kama amepata kusikia habari za mwaka 1941.

Mwezi wa Desemba mwaka ule vita vya Ulaya vilikuwa vikiwaka, na shaba yetu ilitakiwa sana. Bei za vitu zilipanda, lakini mshahara wa Mweusi haukutosha kulisha nyumba. Wafanyakazi wa Union Minière wakaacha kazi. Katika Élisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, walikusanyika katika uwanja wa mpira. Hawakwenda na bunduki, walikwenda na madai ya mshahara. Tarehe 9 Desemba askari wa serikali ya Kibelgiji wakawapiga risasi humo humo uwanjani. Léonard Mpoyi, aliyekuwa akisema kwa niaba ya wenzake, aliuawa, na makumi ya watu wakauawa pamoja naye. Hesabu ya maiti inabishaniwa mpaka leo. Mahali hapabishaniwi: ni uwanja wa mpira.

Twauliza, basi: siku ile ni nani aliyeleta siasa uwanjani? Ni mfanyakazi aliyeomba franga za kulisha watoto, au ni mkubwa aliyetoa amri ya kupiga?

Tarehe 16 Juni 1957 timu ya Union Saint-Gilloise ya Ubelgiji ilikuja Léopoldville kucheza na timu ya mji huo. Mwamuzi alikuwa Mbelgiji. Aliyakataa mabao ya Wakongo mbele ya macho ya maelfu ya watu, na wageni wakashinda 4 kwa 2. Watu wakatoka uwanjani kwa hasira, mawe yakarushwa, magari ya Wazungu yakavunjwa vioo. Magazeti ya wakubwa yalishangaa kwa nini watu wakasirike hivi kwa sababu ya mpira. Hawakuelewa, au walijifanya hawaelewi. Mtu aliyekuwa akinyimwa haki yake kila siku kazini, njiani na dukani, siku ile aliona haki hiyo hiyo inanyang'anywa waziwazi, na filimbi inapulizwa juu yake.

Miaka miwili haijatimia, tarehe 4 Januari 1959, mkutano wa ABAKO ulizuiwa katika mji huo huo. Watu waliotoka kutazama mpira wakaungana na watu wa mkutano, na mji ukawaka. Watu wengi walipoteza maisha. Tarehe 13 Januari, siku 9 tu baadaye, Mfalme Baudouin na serikali yake walitamka hadharani neno walilokuwa wakilikwepa: uhuru. Tarehe 30 Juni 1960 ukapatikana.

Kwa hiyo anayesema siasa isiingie uwanjani amechelewa sana. Iliingia zamani, na iliingia na bunduki na filimbi ya mkubwa. Kinachomchukiza si siasa. Kinachomchukiza ni kuona safari hii imeletwa na mchezaji.

KUVAA JINA LA NCHI KIFUANI SI SIASA?

Tena tazameni jambo hili. Kwa miaka mingi timu ya Arsenal ya Uingereza, tangu mwaka 2018, na Paris Saint-Germain ya Ufaransa, tangu mwaka 2019, zilivaa au kutangaza maneno ya kuwaita watalii waende Rwanda. Bayern ya Ujerumani ikafuata mwaka 2023. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika katika taarifa zao kwamba jeshi la Rwanda linawasaidia watu wa M23 wanaopigana mashariki mwa nchi yetu. Serikali ya Rwanda imekana. Mwezi wa Januari 2025 M23 waliingia Goma, na Februari wakaingia Bukavu. Baada ya Goma kuingiwa, Waziri wetu wa Mambo ya Nchi za Nje, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia timu hizo akizitaka ziache fedha hizo.

Alifanya vema. Lakini ukweli hauna kabila wala bendera, nasi tutausema wote: mwaka huo huo wa 2025 serikali yetu wenyewe ilitia sahihi mikataba na AS Monaco, AC Milan na Barcelona ili jina la Kongo nalo litangazwe huko. Sasa twauliza wale wanaopenda mpira usio na siasa: serikali ikilipa mamilioni ili jina lake livaliwe na mchezaji, hiyo si siasa. Mchezaji akiweka mkono wake mwenyewe juu ya mdomo wake mwenyewe, bila kulipwa na mtu, hiyo ni siasa. Ni haki gani hiyo? Maana yake ni kwamba mwili wa mchezaji ni ubao wa matangazo, na kila mwenye fedha aweza kuandika juu yake isipokuwa mwenye mwili.

Mchimbaji anaijua lugha hiyo. Mikono yako twaitaka, mgongo wako twautaka, mdomo wako uache nyumbani.

RANGI IMEINGIAJE?

Sasa tumjibu yule wa tatu, anayesema kwamba muuaji ni Mweusi na maiti ni Mweusi, kwa hiyo ubaguzi wa rangi haumo.

Ndugu, ubaguzi wa rangi si tusi peke yake. Ubaguzi ni mizani. Mchimbaji wa mkono wa Kolwezi anajua tunachosema. Anapanda na gunia lake, anafika kwenye nyumba ya kununulia madini, na jiwe lake linawekwa kwenye mizani ambayo si yake. Gunia ni lile lile alilolibeba, mgongo wake unajua uzito wake, lakini mizani inasema jingine. Dunia nayo ina mizani ya namna hiyo kwa kupimia maiti.

Urusi iliingia Ukraine na majeshi tarehe 24 Februari 2022. Tarehe 28 Februari, siku 4 tu, FIFA na UEFA zilikuwa zimekwisha kuzifungia timu za Urusi. Rangi za Ukraine zikawekwa katika viwanja vya Uingereza, manahodha wakavaa vitambaa vyake, na hakuna aliyepiga kelele kwamba siasa imeingia mpirani. Sisi hatuwaonei wivu watu wa Ukraine. Maiti wao ni maiti, na machozi yao ni machozi. Twasema tu kwamba siku ile wakubwa wa mpira walitufundisha somo: wakitaka, waweza. Siku 4 zatosha. Basi kwa Kongo, ambako vita vimekula watu tangu miaka ya 1990, siku 4 hizo zimekwama wapi?

Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ukiona mkuki ule ule unaitwa mchungu ukimchoma Mzungu, na unaitwa jambo la kawaida la Afrika ukimchoma Mweusi, usiulize tena rangi imeingiaje. Haijali rangi ya aliyeshika mkuki. Yahesabu rangi ya aliyechomwa.

Na mizani hiyo haikai vitani tu. Romelu Lukaku alizaliwa Antwerp kwa wazazi Wakongo. Baba yake Roger aliichezea Zaire, na yeye mwenyewe ndiye aliyeifungia Ubelgiji mabao mengi kuliko mtu mwingine yeyote. Hata hivyo amepata kueleza kwamba mambo yakienda vizuri magazeti humwita mshambuliaji wa Ubelgiji, na yakienda vibaya humwita mshambuliaji wa Ubelgiji mwenye asili ya Kongo. Tarehe 4 Aprili 2023 aliichezea Inter huko Turin dhidi ya Juventus. Watu jukwaani wakamtukana kwa ajili ya rangi yake. Dakika za mwisho akafunga penalti, akasimama akawapigia saluti, akaweka kidole mdomoni: nyamazeni. Mwamuzi alifanya nini? Alimpa kadi ya pili ya njano, akamtoa nje. Baadaye rais wa shirikisho la mpira la Italia alimwondolea adhabu, maana aibu ilikuwa imezidi. Lakini kitendo cha kwanza cha sheria kilikuwa kumwadhibu aliyetukanwa.

Oneni, ndugu. Mtoto wa Kongo akiwaambia wanaomtukana wanyamaze, apewa kadi. Watoto wa Kongo wakionyesha kwamba wamenyamazishwa, wakaripiwa. Kumbe kidole mdomoni ni kosa, na mkono mdomoni ni kosa pia. Kosa si ishara. Kosa ni kwamba mdomo upo.

WALIOTUCHEKA MWAKA 1974

Wazee wetu wanaukumbuka mwaka 1974. Timu ya Zaire ilikuwa ya kwanza ya watu Weusi wa kusini ya Sahara kwenda Kombe la Dunia. Ilikwenda Ujerumani ya Magharibi ikiwa bingwa wa Afrika, na Ndaye Mulamba alikuwa amefunga mabao 9 katika Kombe la Afrika la mwaka ule. Huko wachezaji wakatambua kwamba fedha walizoahidiwa hawatazipata, kwani wakubwa waliofuatana nao walikuwa na mipango yao. Walikaribia kukataa kucheza na Yugoslavia. Wakacheza kwa moyo uliovunjika, wakafungwa 9 kwa 0.

Katika mchezo ule mchezaji mmoja wa Zaire alimpiga mwamuzi teke. Alikuwa Mwepu Ilunga wa Mazembe ya Lubumbashi, na hatusemi alifanya vema. Lakini mwamuzi alimtoa nje Ndaye Mulamba, ambaye hakufanya neno. Mwepu alikiri kwamba ni yeye, wala haikusaidia. Wachezaji wale walielewa maana yake: machoni pa mwamuzi, Mweusi huyu na Mweusi yule ni mmoja.

Siku 4 baadaye walicheza na Brazil. Brazil wakapata mpira wa adhabu. Kabla hawajaupiga, Mwepu alitoka mbio ukutani akaupiga mpira mbali. Dunia nzima ikaangua kicheko. Kwa miaka mingi picha ile ilionyeshwa kwenye televisheni za Ulaya kama kichekesho: tazameni Waafrika, hawajui hata sheria za mpira! Mwepu mwenyewe alieleza baadaye kwamba sheria alizijua vizuri. Alikuwa na hasira. Hakuona sababu ya kuendelea kuumia huku wanaokula jasho lake wamekaa jukwaani. Mtu alikuwa analalamika mbele ya ulimwengu mzima, na ulimwengu ukamwona mjinga.

Mwepu alikufa mwaka 2015. Ndaye alifia Afrika Kusini mwaka 2019. Tunawataja kwa sababu wale wa Abidjan ni watoto wao. Safari hii walichagua ishara ambayo hata mwenye dharau hawezi kuichekea.

NI MATAJIRI, KWELI

Wanaosema kwamba wachezaji ni matajiri hawasemi uongo. Mchezaji wa Ulaya hupata kwa juma moja fedha ambazo mchimbaji hazioni maisha yake yote. Lakini hoja hii yafika wapi? Maskini akisema, huambiwa: huna elimu, nyamaza. Mwenye mali akisema, huambiwa: umeshiba, nyamaza. Basi nani aliyeruhusiwa kusema?

Tena mwenye mali ana cha kupoteza. Muhammad Ali alikuwa bingwa wa dunia alipokataa tarehe 28 Aprili 1967 kuingia jeshi la Marekani kwenda vita vya Vietnam. Walimnyang'anya ubingwa wake, wakamfungia ulingo miaka zaidi ya mitatu, miaka ambayo mwili wake ulikuwa na nguvu kuliko wakati wowote. Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hukumu yake mwaka 1971. Mtu huyo ndiye aliyekuja Kinshasa, na tarehe 30 Oktoba 1974 akamwangusha George Foreman katika raundi ya 8 huku umati wa Kongo ukimshangilia. Watu wetu hawakumpenda kwa ngumi peke yake. Walimpenda kwa sababu alikataa.

Tommie Smith na John Carlos waliinua ngumi zao zenye glavu nyeusi huko Mexico mwaka 1968, wakafukuzwa katika timu na kurudi nyumbani kwenye matusi na dhiki. Colin Kaepernick alipiga goti wakati wa wimbo wa taifa la Marekani mwaka 2016 kwa ajili ya Weusi waliouawa na polisi, na msimu ule ulipokwisha hakuna timu ya ligi yake iliyomwajiri tena. Watu wote hawa waliambiwa maneno yale yale tunayoyasikia leo: cheza, nyamaza. Leo wanajengewa sanamu na kuandikwa vitabuni. Ndivyo ilivyo desturi ya dunia: hupenda mtu aliyesema zamani, na huchukia anayesema sasa.

FIMBO YA MBALI

Twaja kwa wa nne, asemaye kwamba ishara haizuii risasi. Huyu ana haki zaidi ya wenzake. Fimbo ya mbali haiui nyoka. M23 waliingia Goma mwaka mmoja kasoro siku chache baada ya ishara ile ya Abidjan. Risasi hazikusikia.

Lakini mpira na riadha vimepata kuwa fimbo ya karibu. Afrika Kusini ya ubaguzi ilizuiwa kwenda Olimpiki kuanzia mwaka 1964, na haikurudi mpaka mwaka 1992. FIFA iliifukuza mwaka 1976. Mwaka huo huo nchi nyingi za Afrika ziliacha Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand, iliyopeleka timu yake ya raga kucheza na makaburu, iliruhusiwa kushiriki. Filbert Bayi wa Tanzania alikuwa mwenye rekodi ya dunia ya mita 1,500. Hakukimbia. Nishani aliyokuwa na haki ya kuitumaini aliiacha, kwa ajili ya watu wa nchi nyingine. Hatusemi kwamba mbio ambazo Bayi hakuzikimbia ndizo zilizofungua mlango wa gereza la Mandela mwaka 1990. Walioufungua ni watu wa Afrika Kusini wenyewe, kwa damu yao. Lakini kaburu alihesabu kila mlango uliofungwa usoni pake, na viwanja vilikuwa miongoni mwa milango hiyo.

Na mwezi wa Novemba 2025 Arsenal walitangaza kwamba mkataba wao na Rwanda utamalizika mwisho wa msimu. Wapenzi wa timu ile walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu. Ni jambo dogo, na halikumrudisha mkimbizi hata mmoja nyumbani kwake. Lakini yule anayesema kwamba kelele za watu wa mpira hazisogezi kitu, na aeleze basi nani aliyekisogeza.

NA SISI JE?

Mpaka hapa tumewasema wengine, na msomaji amefurahi. Sasa tujiseme wenyewe.

Wale vijana walipoziba midomo walisema kwamba dunia imenyamaza. Kasaji nayo imo duniani. Kolwezi imo duniani. Mwaka 1977 vita vilipita juu ya reli hii yetu, kutoka Dilolo kuelekea Mutshatsha, na mwaka 1978 vilifika Kolwezi. Tunajua mtu anayekimbia na godoro kichwani anafanana na nani. Anafanana nasi.

Lakini mwaka 1992 na 1993, katika Likasi na katika Kolwezi, ndugu zetu waliotoka Kasai, au waliozaliwa hapa na baba waliotoka Kasai, walifukuzwa makazini na majumbani. Walikuwa mafundi, walimu, wauguzi, watu wa reli. Walilala vituoni na watoto wao wakingojea treni, na wengine walifia humo. Sisi tulifanya nini? Wako waliowaficha jirani zao, na Mungu anawajua. Wako waliofukuza. Na wengi wetu, walio wengi kabisa, tuliweka mkono mdomoni, si kwa kulalamika kama wachezaji, bali kwa kuogopa, au kwa kuitazama nyumba iliyobaki tupu. Na mpaka leo timu kutoka upande ule ikija kucheza, mtu aweza kusikia jukwaani maneno ambayo hatungependa watoto wetu wayasikie. Mtu anayemtukana Mkasai jukwaani, kisha anamlilia Lukaku, huyo hajaelewa kitu. Vivyo hivyo anayechukua hasira ya Goma akamtupia Mkongo mwenzake asemaye Kinyarwanda, aliyezaliwa hapa kama sisi. Huko si kuwaheshimu waliokufa. Ni kukubali mizani ile ile, na kubadilisha tu nani awekwe juu yake.

Na jambo la mwisho. Tarehe 26 Juni 2019 timu yetu ilifungwa na Misri 2 kwa 0 katika Kombe la Afrika. Kesho yake, tarehe 27, udongo uliporomoka katika mgodi karibu na Kolwezi, na serikali ikahesabu maiti 43 za wachimbaji wa mkono. Kila mmoja wetu ajiulize peke yake: juma lile niliongea zaidi juu ya kipi? Juu ya mabao 2 au juu ya watu 43? Kobalti waliyokuwa wakiifukua imo katika simu na magari ya dunia nzima, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka katika nchi yetu. Hakuna timu ya Ulaya iliyovaa kitambaa cheusi kwa ajili yao. Lakini kabla ya kuiuliza Ulaya, tuulize uwanja wetu wa hapa: ulinyamaza hata dakika moja kwa ajili ya watu wale?

Basi sisi twasema hivi. Mchezaji akisema, asikaripiwe. Asikilizwe, na akikosea ajibiwe kwa hoja. Tusi la rangi au la kabila likitoka jukwaani petu, aliyekaa karibu na mtukanaji asimwache. Amwambie pale pale, wala asimngojee polisi wala mwamuzi. Watu wakifa shimoni, vilabu vyetu vya Lualaba visimame dakika moja kabla ya mpira, kama vile Chui walivyosimama Abidjan kwa ajili ya watu wa mashariki ambao wengi wetu hatujawaona kwa macho. Haya hayahitaji fedha. Hayahitaji barua kutoka Kinshasa.

Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Wachezaji wetu walikaa kimya kwa muda wa wimbo mmoja tu, na dunia ikageuka kutazama. Walikuwa na sababu ya kuuziba mdomo: uwanja ule haukuwa wao, na sheria za uwanja hazikuwa zao. Sisi tuko nyumbani. Hapa Kasaji hakuna aliyetushikia bastola kichwani kwa sababu ya kumtetea jirani.

Ndugu, tuutoe mkono mdomoni.